Keris na Majina Yake

 

Mwezi Machi mwaka 1580, Mwingereza Francis Drake alitia nanga katika pwani ya kusini ya kisiwa cha Java. Alikuwa anaizunguka dunia, na merikebu yake ilikuwa imesheheni mali aliyowapora Wahispania. Watu wake walishuka pwani kutafuta chakula, na kama ilivyo ada ya mabaharia, wakaokota maneno mawili matatu ya wenyeji. Orodha ya maneno hayo ilichapishwa baadaye katika mkusanyiko wa safari wa Richard Hakluyt, nayo inasomeka hadi leo. Humo mna calapa, yaani nazi. Mna hiam, kuku. Mna braas, mchele, na gardange, ndizi. Nenda sokoni Java leo useme kelapa, ayam, beras, gedang. Utauziwa vitu vile vile, labda kwa bei ya mgeni. Sasa katikati ya vyakula hivyo pana neno lisiloingia chunguni: cricke. Mbele yake waliandika kwa Kiingereza chao kwamba ni jambia.

Huyo cricke ndiye tutakayezungumza naye leo. Wamalay na Wajava wanamwandika keris. Ile e ya kwanza ni hafifu mno, haisikiki vizuri ila kwa aliyezaliwa nayo, na ndiyo maana masikio ya wageni yaliiruka: Mreno akasikia cris, Mholanzi kris, Mwingereza akatapatapa na creese, crease na mengineyo. Wamalay wenyewe kwa karne nyingi waliliandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Pate na Lamu walivyoandika tenzi zao.

Kwa asiyewahi kuiona: keris ni silaha ya kudunga. Bapa lake halilingani pande mbili. Karibu na mpini linapanuka, na upande mmoja unapanuka zaidi ya wa pili, tena huchongwa vijino na vipindo ambavyo kila kimoja kina jina lake. Mpini umeinama kidogo. Bapa laweza kuwa na mawimbi, nayo huitwa luk, na hesabu ya luk ni lazima iwe witiri: tatu, tano, saba, tisa, na kuendelea. Shufwa hakuna. Lakini msidanganywe na picha za sinema. Keris nyingi hazina wimbi hata moja, zimenyooka kabisa, na bado ni keris.

Jina lenyewe lina umri mkubwa. Katika maandishi ya Java ya mwaka 904, yajulikanayo kama ya Poh, limo kwenye orodha ya vitu vya chuma vilivyotolewa katika ibada. Kwa hiyo lilikuwa midomoni mwa watu miaka mia sita na zaidi kabla ya Drake kufika na kalamu yake.

Tuanzie nyumbani kwake. Kijava ni lugha ya madaraja. Ukisema na rika lako unatumia ngoko. Ukisema na mtu usiyemzoea unatumia krama. Na ukitaja mwili, vitu au matendo ya mkubwa wako, unapanda hadi maneno ya krama inggil. Basi mimi na wewe tuliocheza pamoja utotoni tukizungumza, kitu hiki ni keris. Nikimweleza mgeni kwa adabu, kitu hicho hicho ni dhuwung. Na ikiwa ni ya baba mkwe, au ya mfalme, ni wangkingan. Chuma hakijabadilika hata chembe, wamebadilika wasemaji. Sisi Waswahili tuna adabu zetu, tuna shikamoo na marahaba, lakini kisu cha mkwe kimebaki kisu.

Kisiwani Bali, wenye kusema kwa heshima husema kadutan. Ukiwafuata washairi wa Java na wacheza wayang, ile michezo ya vikaragosi, utasikia pia curiga, neno lililotoka kwenye Kisanskriti churika, ambalo kwa Kihindi limekuwa chhuri, kisu cha jikoni tu, na wenzetu wenye asili ya Kihindi wanalielewa bila kuambiwa. Sasa fungua gazeti la Kiindonesia leo: curiga maana yake ni kushuku, kuwa na wasiwasi na mtu. Kamusi inayaandika kama maneno mawili tofauti yanayofanana umbo. Sawa, tuwaachie wenye kamusi kazi yao. Lakini mtu anayekujia na jambia mgongoni, utaacha kumshuku?

Mgongoni, naam. Mjava huvaa keris nyuma, imechomekwa kwenye mkumbuu wa kitambaa, mpini ukitokeza upande wa mkono wa kulia. Mmalay huiweka mbele au ubavuni. Hapo mtanikumbusha jambia letu, ambalo jina lake la Kiarabu linatokana na janb, ubavu, na Wamalay nao wanalo neno hilo, jembiah, wamelichukua kwa Waarabu wale wale tuliowachukulia sisi. Jina la jambia linakwambia pa kulivaa. Jina la keris halikwambii. Inakubidi ujue unatoka kisiwa gani.

Neno lililonivutia zaidi katika habari hii yote ni pamor, jina la ile michoro inayoonekana juu ya bapa. Mhunzi wa keris, empu kwa Kijava, huchukua chuma na kipande chembamba chenye nikeli, akavichoma na kuvifua pamoja, akavikunja, akafua tena, akakunja tena, tabaka juu ya tabaka. Nikeli hiyo zamani ilitoka zaidi Luwu, katika kisiwa cha Sulawesi. Kisha kuna jiwe lililoanguka kutoka mbinguni karibu na mahekalu ya Prambanan katika karne ya 18. Vipande vyake vilipelekwa kasri la Surakarta mwaka 1784 na 1797, na wahunzi wa mfalme wakakitumia chuma chake. Bapa likiisha kufuliwa na kupigwa tupa, linaoshwa kwa maji ya ndimu na warangan, ambayo ni madini ya aseniki. Chuma kinageuka cheusi, nikeli inabaki nyeupe kama fedha, na ile michoro inajitokeza. Kila mchoro una jina: mmoja unaitwa beras wutah, mchele uliomwagika, mwingine udan mas, mvua ya dhahabu, na huo ndio wafanyabiashara wanaoupenda, nadhani hamhitaji kuelezwa kwa nini.

Pamor asili yake ni mchanganyiko, kwa kuwa ndivyo ilivyo: chuma kimechanganywa na chuma. Lakini Mwindonesia wa leo ambaye hajawahi kushika keris hulitumia kila siku, na maana yake kwake ni hadhi, mvuto, jina linalong'aa. Mchezaji mpira aliyekosa mabao msimu mzima, pamor yake imeshuka. Chama kilichopigwa kwenye uchaguzi, pamor yake imefifia. Neno limetoka kwenye karakana ya mhunzi likaingia kwenye kurasa za michezo na siasa. Na ala nayo haikuachwa nyuma. Ala ya keris ni warangka, na waziri mkuu wa mfalme wa Java aliitwa warangka dalem, ala ya mtukufu. Fikirini hilo kidogo: mfalme ndiye chuma, na waziri ni ile mbao inayokikinga chuma na watu, na watu na chuma.

Kuna zaidi. Keris iliweza kusimama mahali pa mtu. Bwana mkubwa wa Java akioa mke naye hana nafasi ya kufika, au hataki kufika, alituma keris yake, ikawekwa kando ya bibi harusi, na ndoa ikapita. Kitu kinachoweza kuoa lazima kiwe na jina lake chenyewe, na keris za heshima zinalo. Huitwa Kyai Fulani. Kyai ni cheo. Leo Java wanawaita hivyo masheikh wenye vyuo vya dini. Lakini gamelan ya mfalme, yaani vyombo vyake vya muziki, pia ni Kyai, na kule Surakarta kuna nyati weupe wa kasri waitwao Kyai Slamet, ambao hutembezwa mjini usiku wa mwaka mpya wa Kijava na watu wakawafuata kwa heshima zote. Ni sawa na sisi tungeliita jambia la ukoo Shehe Salama, tena tukalisalimu.

Jina laweza pia kuwa la aliyeifua, na hapo hadithi ni ya kutisha. Kitabu cha Pararaton kinasimulia kwamba Ken Arok, kijana mwenye tamaa, aliagiza keris kwa Mpu Gandring akitaka imalizwe kwa miezi mitano. Fundi alisema kazi hiyo inataka mwaka. Arok akarudi kwa wakati wake mwenyewe, akaikuta bado haijakamilika, akamdunga fundi kwa keris ile ile aliyokuwa akiifua. Mpu Gandring akamlaani akiwa anakata roho: chuma hicho kitakula wafalme saba. Arok akamuua mtawala, akamwoa mjane wake Ken Dedes, akawa mfalme wa Singasari mwaka 1222, na laana ikaanza kufanya kazi, mpaka yeye mwenyewe. Wajava hadi leo wanaitaja silaha hiyo kwa jina la fundi aliyeuawa, hawaiiti ya mfalme. Na keris maarufu kupita zote upande wa Wamalay, Taming Sari ya shujaa Hang Tuah, ina jina la nani? La mwenyewe wa kwanza, bingwa wa dola ya Majapahit ya Java ambaye Hang Tuah alimuua akamvua. Aliyeshindwa ndiye aliyeacha jina.

Sasa tusafiri na jina nje ya kwao, na mtaona linavyokonda.

Mchina Ma Huan, aliyesafiri na merikebu za Zheng He (hizo hizo zilizofika hata Malindi, ingawa yeye Ma Huan huku hakufika), aliandika kwamba wanaume wa Java wote, hata watoto wa miaka mitatu, walikuwa na jambia kiunoni. Lakini aliliita bu-la-tou, na wajuzi wanaliona humo neno la Kimalay beladau, jina la kisu kingine kabisa. Mreno Tomé Pires, aliyekuwa Malacca miaka ya 1512 hadi 1515, aliandika kuwa hakuna mwanamume wa Java wa kati ya miaka kumi na miwili na themanini anayetoka nje bila cris. Na mwenzake Luís de Camões, katika utenzi wake mkubwa uliochapishwa mwaka 1572, ule unaozitaja Mombasa na Malindi zetu kwa maneno ambayo Mombasa haiyapendi sana, alipofika Malacca aliwataja watu wake na silaha zao, cris kwa wingi. Na wingi wa cris kwa Kireno ni crises. Wingi wa crise, yaani mgogoro, nao ni crises. Mwanafunzi wa Lisbon au wa Maputo anayesoma beti hizo leo bila maelezo ya mwalimu, Malacca kwake imejihami kwa migogoro. Nikiwatazama Wareno walivyoiteka Malacca mwaka 1511 na vita walivyopigana kuishikilia, huyo mwanafunzi hakukosea sana.

Waingereza walilifanya neno kuwa kitenzi pia: mtu akidungwa keris, wakasema amekuwa creased, neno ambalo kwao lina pia maana ya mkunjo, kama wa suruali iliyopigwa pasi. Nao, pamoja na Waholanzi, waliifunga keris kwenye neno jingine la Kimalay waliloliiba njiani, amok, la mtu aliyepandwa na wazimu akaua kila amkutaye. Wakaongeza na sumu. Kwamba keris inaoshwa kwa aseniki ni kweli, mmesikia nilivyoeleza, na inaoshwa ili michoro ionekane. Mgeni aliyeiona kazi hiyo mlangoni mwa fundi alikwenda zake akaandika kwamba Wamalay wanapaka silaha zao sumu. Ikaandikwa, ikanakiliwa, ikawa elimu.

Aliyeieneza kuliko wote ni Mwitaliano Emilio Salgari, mwandishi wa visa vya Sandokan, chui milia wa Mompracem. Vizazi vya watoto wa Italia vimekua vikilijua neno kriss kutoka kwake: bapa la nyoka, ncha ya sumu, maharamia na mbalamwezi. Salgari mwenyewe hakuwahi kufika Borneo wala Java. Safari zake za baharini hazikuvuka bahari ya Adriatiki. Simlaumu kwa kutunga, kutunga ni kazi yake. Lakini katika kriss yake hamna wangkingan, hamna warangka, hamna mchele uliomwagika, hamna bwana harusi asiyefika. Imebaki ncha. Na siku hizi kampuni ya silaha yenye asili ya Uswisi imelichukua jina hilo hilo, Kriss, ikalibandika kwenye bunduki ndogo ya rashasha.

Tahadhari moja, kwa sababu najua kuna wasikilizaji wanaopenda kuunganisha maneno ya dunia kwa kufanana kwake. Kwa Kiswidi kris ni mgogoro. Kwa Waroma wa Ulaya kris ni baraza la wazee linaloamua kesi. Hayo mawili ni ndugu, baba yao ni Kigiriki krisis, hukumu. Kwa Kiestonia keris, imeandikwa vile vile herufi kwa herufi, ni lile jiko la mawe yanayomwagiwa maji kwenye sauna. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanda jahazi kwenda Java.

Ndugu wa kweli wako jirani. Kusini mwa Ufilipino, kwa Watausug wa Sulu, kalis imekua ikawa upanga mzima, mrefu, wenye makali pande zote mbili na wa kukatia, si wa kudunga tu. Upanga huo mmeuona pengine bila kuutambua: ndio ulioko kwenye bendera ya jimbo la Bangsamoro iliyopitishwa mwaka 2019. Malaysia keris iko kwenye bendera ya chama cha UMNO, ilikuwa kwenye sarafu ya ringgit moja iliyotolewa mwaka 1989, na mfalme akitawazwa huibusu. Lakini mwaka 2005, kiongozi wa vijana wa UMNO, Hishammuddin Hussein, aliichomoa keris mbele ya mkutano mkuu wa umoja wake akaiinua juu. Wanachama waliona urithi wa Wamalay. Raia wenzao wenye asili ya China waliona jambia limechomolewa, na wakaona linaelekezwa kwao. Baada ya chama hicho kupoteza viti vingi mwaka 2008, aliomba radhi. Nchi moja, lugha moja, neno moja, na maana mbili zisizopatana chini ya paa moja. Mwaka huo huo wa 2005 UNESCO iliitangaza keris ya Indonesia kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, jambo ambalo lilizua minong'ono yake Malaysia, lakini hiyo tuiache.

Nimalizie na keris moja yenye jina lililogombewa. Mwanamfalme Diponegoro wa Yogyakarta alipigana na Waholanzi kuanzia mwaka 1825 hadi walipomkamata kwa hila Magelang mwaka 1830, wakiwa wamemwita kwa mazungumzo ya amani. Keris yake ilifika mikononi mwa Kanali Cleerens, naye akaitoa zawadi kwa Mfalme Willem wa Kwanza. Iliingia katika makusanyo ya kifalme mjini The Hague, kisha makumbusho ya Leiden, na humo ikapotea miongoni mwa keris nyingine. Kilichosaidia kuitambua ni karatasi. Sentot, jemadari wa Diponegoro, alikuwa ameandika kwa Kijava kuhusu keris hiyo na kuitaja kwa jina: Kyai Nogo Siluman. Na mchoraji Raden Saleh, Mjava aliyekuwa Uholanzi wakati huo, akawafafanulia Waholanzi jina hilo neno kwa neno: Kyai ni bwana, na vitu vyote vya mfalme huitwa hivyo, Nogo ni joka la hadithi lenye taji kichwani, Siluman ni wale wenye uwezo usio wa kawaida, kama kutoweka machoni pa watu.

Machi 2020 Mfalme Willem-Alexander alipozuru Indonesia, keris ilirudi, na sasa iko Makumbusho ya Taifa, Jakarta. Picha zake ziliposambaa, mafundi na wapenzi wa keris wakapinga. Kwao Nogo Siluman ni umbo linalojulikana: kichwa cha joka kinaonekana, mwili umetoweka ndani ya chuma. Hii ya Leiden joka lake lina mwili unaofuata bapa. Hilo umbo, wakasema, ni Nagasasra. Waliyoileta siyo! Upande wa pili ukajibu kwamba umbo na cheo ni vitu viwili, kwamba keris huweza kufuliwa kwa umbo moja na mwenyewe akaipa jina jingine analolitaka, kama mtoto asivyoitwa kwa sura yake. Hoja za mafundi nazielewa, maana ndio wenye kukijua chuma. Ila nikibanwa nichague, naegemea kwa Sentot. Yeye alipigana chini ya Diponegoro, na hakuwa na sababu ya kuzua jina.